Msalaba Usiotiwa Gundi

Ranstett, bonde la Aisch
30 Januari 1765

Kwako Wolf Konrad, ndugu yangu wa titi moja, huko Riga,

Nakusalimu kwa salamu za nyumba nzima, ingawa nyumba yenyewe imepungua, kama utakavyoona mbele. Natumai karatasi hii itakukuta umepona kile kikohozi ulichokitaja, na kwamba mkono hauumi sana baridi inapokaza. Mimi ni mzima wa mwili. Meno mawili yameng'oka, lakini macho bado yanauona unywele mmoja wa brashi, na vidole vyangu vyote kumi ninavyo mpaka leo. Habari za vidole nitazirudia.

Barua yako imefika. Niliitambua kabla sijaifungua, wala si kwa mwandiko, maana huo mwandiko wa mkono wa kushoto hata wewe mwenyewe ungeukana. Ni kama kuku kapita kwenye majivu. Niliitambua kwa muhuri. Korongo wa Ranstett amesimama kwa mguu mmoja, samaki mdomoni, anatazama upande wangu wa kushoto, vilevile anavyotazama kwenye ngao zenu zote tangu mlipoanza kuwa na ngao. Sikuuvunja. Nilikata karatasi pembeni kwa kisu, kama marehemu baba yangu alivyotufundisha sisi wawili tulipokuwa tukimsumbua karakanani. Muhuri umebaki mzima, na leo namshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote.

Nilipomaliza kusoma nililia, kisha nikacheka, kisha nikashikwa na hasira nikaitupa barua sakafuni. Miaka saba, Wolf! Unasema ulitekwa Rossbach siku ileile jeshi letu lilipotimua mbio, daktari wa Prussia akakukata mkono wa kulia hemani, na ulipoachiwa uliona haya kurudi kwa baba yako ukiwa mrithi asiyeweza kushika upanga. Kwani nani alikuomba upanga? Angekupokea hata ungerudi kichwa kitupu ndani ya kapu. Umekaa Riga unawafundisha watoto wa wafanyabiashara hesabu na Kifaransa, na sisi huku tunakuombea kama maiti. Nisamehe. Nilijiapiza nisikugombeze kwenye barua hii, maana mwenye haki ya kugomba siye mimi.

Umeuliza habari za watu mmojammoja, na mimi nitakujibu mmojammoja.

Umemuuliza mama. Mama alifariki Februari ya mwaka wa sitini na mbili, kwa kifua. Alikulea wewe kabla hajanilea mimi vizuri, unajua. Mama yako mzazi alikuwa kaburini na wewe ukapewa titi la kulia, lenye maziwa mengi, mimi la kushoto. Alikuwa akilisema hilo mbele za watu kwa majivuno. Alikutaja sana siku zake za mwisho.

Umemuuliza baba yako, na umesema barafu ikiyeyuka bandarini mwezi wa Aprili utapanda meli uje umshtukize. Hutamshtukiza, ndugu yangu. Bwana Mkubwa alitutoka mwaka jana, tarehe mbili Februari, siku ya Mishumaa, asubuhi, dada yako Bi. Sabina akiwa amemshika mkono. Natamani ningekuwa nimekaa karibu yako unaposoma mstari huu. Kaa kwanza, kunywa kitu cha moto, ndipo uendelee.

Tangu ulipoondoka, baba yako alihamia dirishani. Alihamisha kiti, akahamisha na chakula, na kila mbwa akibweka alikuwa anainuka. Vuli ilipofika na mabwawa yakafunguliwa, watu wakawa matopeni wanakamata samaki kwa vikapu, yeye hakushuka hata kuonja wa kwanza, yeye ambaye zamani alikuwa akichapa mtu kwa kumtangulia. Ukimsihi ale alisema, "Acheni, nitakula na Wolf." Bi. Sabina alikuwa akishuka ngazi za jikoni na sahani ileile aliyopanda nayo. Miaka mitano na nusu, kila siku.

Basi Mei ya mwaka wa sitini na tatu, amani ilipokwisha kutangazwa, akaja askari mmoja aliyeachishwa jeshi, chongo, na mfuko wa mkate. Ndani ya mkate mlikuwa na pete. Alisema aliivua kwenye kidole cha bwana mmoja aliyekufa kando ya barabara ya Rossbach, wakamfukia hapohapo, na kwamba maiti hakuwa na uso wa kutambulikana. Alisema wenye nyumba za wageni njiani walikuwa wakimwita marehemu huyo Bwana wa Ranstett.

Mzee Utz, msimamizi wenu, aliichukua ile pete akaipeleka mpaka kwenye ngao kubwa iliyokuwa ukutani ukumbini, akainua juu mshumaa, akapaza sauti, "Tazameni wenyewe! Korongo yuleyule, samaki yuleyule, na anatazama kulekule!" Baba yako macho yalikwisha kuingia ukungu, akaipapasa kwa kidole gumba. Kisha akaagiza aitwe mwandishi wa mahakama, na aitwe mchoraji wa ngao, aliye mjuzi wa mambo hayo, ale kiapo. Kiapo kikaliwa. Pete ikathibitishwa kuwa ni yako, na wewe ukaandikwa marehemu.

Jioni ile baba yako alikula. Aliomba nyama, akala akamaliza, na kesho yake kiti kikarudishwa mahali pake mezani. Bi. Sabina alinijia analia kwa furaha, kama furaha unaweza kuiita hivyo. Alisema, "Poli, amelala usiku kucha. Hata mbwa wamebweka hakuamka." Ilichongwa ngao yako ya marehemu, ikatundikwa kanisani kwenye safu ya mababu zako, na ile pete ikaning'inizwa chini yake kwa mnyororo mdogo.

Sasa kuhusu huyo mwenye pete. Umeniandikia, tena kwa mzaha, kwamba yule mtumishi wako Veit alikutoroka wiki mbili kabla ya mapigano ya Rossbach, na kwamba ulimfumania mara moja na pete aliyochongewa na sonara kwa kuiga muhuri wa barua zako, ili akiingia mahali aitwe bwana. Umesema ulicheka ukamwachia. Basi Veit ndiye tuliyemlilia, na ndiye aliye na ngao kanisani. Amefika mbali kuliko alivyokusudia.

Nikusimulie mazishi ya baba yako, kwa kuwa ni haki yako kuyajua, na kwa kuwa sikuwa mtazamaji tu.

Unakumbuka alivyokuwa akituweka kwenye lile benchi la ukumbini, wewe, Bi. Sabina na mimi, akitueleza asili ya zile ngao? Alikuwa akijifunika uso kwa sufuria la jikoni na kutuuliza kwa sauti nzito, "Mimi ni nani?" Sisi tunapiga kelele, "Baba!" "Bwana Mkubwa!" Naye anasema, hapana, vitani hamngejua, kofia ya chuma imeziba uso, mngenichoma mkuki bure, ndipo wazee wakachora alama kwenye ngao, ili mtu ajulikane hata kama haonekani. Kisha watoto wakairithi alama kama wanavyorithi pua. Binti akiolewa, ngao ya kwao inakwenda naye na kukaa ugenini kando ya ngao ya mumewe, na ndiyo maana kwenye Kitabu cha Ukoo kila mtu wenu anaweza kuhesabu ngao kumi na sita za waliomzaa, nane za kuumeni na nane za kukeni, na hakuna hata bibi mmoja aliyepotea. Ulipokuwa unaondoka kwenda vitani alikuvisha pete akakuambia, nilikuwapo, "Huu ndio uso wako. Ule mwingine unaweza kuumia."

Na unakumbuka alichokuwa akikiruka. Tulipomwuliza ngao inakufaje, alikuwa akisema mkale.

Ngao inakufa hivi, Wolf. Anapozikwa mwanamume wa mwisho wa ukoo, mchoraji anachonga ngao mpya ya mbao laini na kuipaka rangi zote, nzuri kuliko zile za siku zote. Halafu anaigeuza na kuikata kwa msumeno mgongoni, nusu ya unene, ili pale kaburini ivunjike kwa pigo moja bila kuleta aibu. Mbele ni korongo mzima, nyuma kuna jeraha. Niliichonga mimi. Marehemu mume wangu aliichonga moja maishani mwake, na alisema alikata kwa misukumo kumi na miwili. Mimi mkono uligoma ule wa saba. Nikauacha mkato hapohapo, nikaipaka gundi kingo, nikaipeleka.

Theluji ilikuwa ya magoti. Mzee Utz alisimama ukingoni mwa kaburi na nyundo, akatamka maneno yake mara tatu kama inavyotakiwa, "Leo Ranstett, na baada ya leo Ranstett hakuna tena." Akapiga. Ngao ikaruka mikononi haikuvunjika. Akapiga tena, ikapasuka rangi tu. Nilimsikia mchimba kaburi akimwambia mwenzake, "Watu hawa ni wabishi, hata kufa wanakataa kusaini." Kuna waliocheka. Bi. Sabina hakulia wakati wote wa mazishi, lakini pale alilia. Pigo la tatu likaivunja vibaya, kwa mshazari, kichwa cha korongo kikabaki upande mmoja na miguu upande mwingine. Vipande vikatupwa ndani, juu ya jeneza.

Masharti ya ngome unayajua tangu utotoni. Ngome, mabwawa na mashamba ni dhamana ya Askofu kwa wanaume wa ukoo wenu. Akikosekana mwanamume, vinarudi kwake. Hakuna aliyedhulumu. Walikuja watu wake na karatasi, wakaandika kila kiti na kila kijiko, wakampa Bi. Sabina wiki sita. Utz alikwenda kwa mwanawe. Bi. Sabina hakuwa na pa kwenda, kwa hiyo yuko kwangu, chumba cha juu ya karakana, kile ulichokuwa ukijificha. Anasaga rangi. Kwanza nilimkataza, nikamwambia Bibi mikono yako haikuumbiwa jiwe, akanijibu, "Nikae nikutazame unavyofanya kazi mpaka nife? Nipe hilo jiwe." Anasaga vizuri kuliko vijana wote niliowahi kuwaajiri. Na kila Jumapili tukirudi kanisani ananishukuru. Ananishukuru kwa paa, kwa supu, na kwa siku ile niliyompa baba yake usingizi.

Ndiyo, Wolf. Nimeandika "kiapo kikaliwa" kana kwamba kilijila chenyewe. Mchoraji aliyeitwa ni mimi. Hapa karibu kuna mwingine nani?

Nilipoingia ukumbini Utz alikuwa bado ameishika ile pete kando ya ngao, anafurahia kwamba korongo anatazama kulekule. Na mimi nikajua papo hapo, kabla sijavua hata shali. Watu wote wanadhani pete inapaswa kufanana na ngao. Wewe unajua, umelelewa karakanani. Pete ya kweli humchonga korongo kinyume, akitazama kulia, ili ikigandamizwa kwenye nta atoke anatazama kushoto. Pete inayofanana na ngao ni ya sonara aliyeiga alama ya nta bila kujua kazi. Ukiigandamiza, korongo anatoka amegeuka, kama anayekimbia. Mwandishi wa mahakama aliniuliza kama tuigandamize tuone. Nikamwambia hakuna haja ya kuchafua nta. Nikainua mkono wa kulia na vidole viwili, nikaapa.

Nimejiambia muda mrefu kwamba ilikuwa huruma. Bi. Sabina alikuwa amenijia asubuhi ileile akanishika mikono, akasema, "Poli, kama inafanana hata kidogo, sema ndiyo, tumwache alie mara moja aishe." Yeye hakujua kitu, aliogopa tu nisije nikasema sina hakika. Ingekuwa rahisi kujifunika na maneno yake. Lakini si kweli, na nimechoka.

Nilikwambia mama alikutaja. Sikukwambia ilivyokuwa. Nilimwuguza wiki tisa. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimtafunia mkate. Siku ya mwisho alifumbua macho akaniuliza, "Wolfi wangu yuko wapi?" Nikasimama mlangoni ili mwanga unipate anione vizuri, nikasema, "Mama, ni mimi, Poli, nipo hapa." Akanitazama akaudhika. Akasema, "Sogea hapo mlangoni, unamziba." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nilisogea.

Miezi kumi na tano baadaye nikashika pete ya uongo mkononi, na nilijua kwamba neno langu moja lingekufanya uwe hai au uwe maiti. Nilitaka uwe maiti. Nilitaka uache kusubiriwa. Sikufikiria ngome, wala sikumfikiria Bi. Sabina, sikufikiria kwamba namvunjia nyumba yule aliyekuwa amenishika mikono. Niliwaza mlango ule tu.

Na si hilo peke yake. Barua yako haikufika jana. Ilifika siku ya Mtakatifu Nikolai, tarehe sita Desemba. Sheria inampa mrithi mwaka mmoja na siku moja tangu kifo cha baba kuidai dhamana yake. Unaihesabu mwenyewe, inakwisha tarehe tatu Februari. Nilikuwa na muda wa kutosha. Niliiweka barua ndani ya kasha la brashi kuukuu nikanyamaza, kwa sababu aliyeapa uongo, kwa sheria ya kale ya Kaisari, hukatwa vidole viwili alivyoinua. Mchungaji, nilipomwuliza kwa mzunguko kama nauliza habari za mtu mwingine, alisema siku hizi hawafanyi hivyo mara nyingi. Nimeishi na hayo maneno "mara nyingi" wiki nane. Mchoraji bila vidole hivyo ni mwanamke wa kuosha vyombo vya watu. Hiyo ndiyo sababu yangu, na najua ninamwandikia nani, mtu aliyeacha mkono mzima hemani.

Kilichonitoa kwenye ukimya huo ni Kitabu cha Ukoo, ambacho Bi. Sabina alihama nacho kuja kwangu. Baada ya kiapo nilitakiwa nichore msalaba mweusi juu ya ngao yako, kama tunavyowachorea wote waliotangulia. Niliuchora, lakini kwa masizi na maji matupu, bila gundi. Sijui nilikuwa nafanya nini. Labda nilikuwa najiachia mlango. Kwa macho ni msalaba kama mingine, ila ukiugusa unatoka.

Leo asubuhi Bi. Sabina alikuwa akifuta vumbi, mkono wa gauni lake ukapita juu ya ukurasa wako. Akaona mweusi kwenye pindo, akashtuka, akaniomba radhi kama mtoto aliyevunja bakuli. Nikamwambia si kitu. Yeye akashuka, nikamsikia jiwe lake likizunguka huko chini, na baada ya muda akapanda na kidau cha rangi nyeusi na brashi yangu ndogo, safi, imelowekwa tayari. Akasema, "Huu nimeutia gundi ya kutosha, Poli. Safari hii hautatoka." Akanifungulia ukurasa, akaukandamiza kwa mikono yake miwili ili usijikunje.

Nilichovya. Nikaileta brashi mpaka juu ya kichwa cha korongo wako. Kisha nikaiweka chini nikamwambia yote, kuanzia pete hadi kasha la brashi, nikamtolea barua yako.

Aliisoma akiwa amesimama. Hakunipiga, ingawa nilisubiri. Alihesabu kwa vidole kwenye ukingo wa meza. Akasema, "Zimebaki siku nne." Halafu akasema, "Ulikuwa na hamsini na tano zaidi." Akalamba kidole gumba, akaufuta msalaba wako, mara moja tu, ukatoka wote. Kwenye ngozi ya ukurasa pamebaki kivuli cha kijivu ambacho sidhani kitaondoka. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Nenda kwa Mchungaji ukaombe gari la theluji. Sasa hivi."

Nimekwenda, na Mchungaji nimemwambia pia. Tumepanda ngazi kanisani sisi wawili, tukaishusha pete ya Veit, nikaigandamiza kwenye nta mbele yake. Korongo ametoka anakimbia. Nimeiweka nta hiyo na muhuri wa barua yako ndani ya sanduku moja, kila mmoja kwenye pamba yake. Mwandiko wako hautasaidia, mahakama itasema ni wa mtu yeyote. Lakini mihuri miwili ikiwekwa pamoja, na aliyeapa akisema kwa kinywa chake kwamba aliapa uongo, dai lako litaandikwa kwa jina lako kabla ya siku kwisha, na wewe utakuwa na muda wa kuja. Ndivyo anavyosema Mchungaji. Tunaondoka alfajiri, ni mwendo wa siku mbili kwa theluji hii. Barua hii nitaitia posta hukohuko mjini, kabla sijaingia mahakamani, nikiwa bado naweza kukunja karatasi mwenyewe.

Wasipokubali, nitakuandikia, au mtu ataniandikia. Wakikubali, ngome itakuwa yako, lakini baba yako utamkuta chini ya ubao niliouchonga mimi ili uvunjwe, na huyo hakuna mahakama itakayomrudisha.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba ukija upite kwanza kaburini kwa mama, kabla ya kwa baba yako. Ni kulia ukiingia, karibu na ukuta. Hakuna kitu pale cha kukuziba.

Mchungaji anakusalimu, anasema alikuombea rehema kwa miaka na sasa itabidi aanze upya kukuombea safari njema. Mzee Utz hajui bado. Akijua ataongeza salamu zake na matusi kwangu. Bi. Sabina yuko chini mlangoni. Amekwisha kuvaa koti na viatu vya safari tangu saa nne asubuhi, ameketi kwenye kiti anatazama barabara, na hajala. Nilimwuliza kama nikuandikie salamu zake. Alisema atakuandikia mwenyewe, kwenye karatasi nyingine, hataki jina lake likae karibu na langu.

Jifunike vizuri, na mkono huo ufunge sufi. Zamani nilikuwa nikimalizia na "dada yako wa titi moja". Safari hii naiacha nafasi wazi, uijaze wewe ukitaka.

Apollonia,
mchoraji wa ngao, Ranstett